Ukipangiwa darasa la viziwi, anza na macho

Walimu wanaopangiwa darasa la viziwi hapa Unguja huniuliza kwanza habari ya lugha ya alama: wajifunze wapi, na kwa muda gani. Alama ni lazima, na hakuna wanaozifundisha vizuri kuliko viziwi watu wazima. Watafute kupitia Chama cha Viziwi Zanzibar, CHAVIZA, ukae nao, upige nao soga. Lakini hata kabla mikono yako haijawa myepesi, lipo jambo unaloweza kulianza kesho asubuhi, nalo ni kuyaheshimu macho ya watoto.

Mtoto anayesikia huandika huku anakusikiliza. Kiziwi akiinamia daftari, hayuko na wewe. Kwa hiyo usieleze kitu huku unaandika ubaoni, wala wakati wao wananakili. Andika, geuka, subiri macho yote yakufikie, ndipo uanze. Walimu wengi huchoka hapo kwenye kusubiri, wanaona kipindi kinakwisha bure. Nakusihi usubiri.

Madeski yapange nusu duara. Mtoto akijibu kutoka safu ya nyuma, walio mbele hawajui hata kama kuna aliyejibu. Usisimame na dirisha mgongoni, maana uso wako utaingia kiza, na nyusi na mdomo ni sehemu ya lugha; ndivyo vinavyoonesha kama unauliza au unaarifu. Masika, mvua ikipiga mabati, madarasa ya jirani husimama kwa kelele, sisi tunaendelea. Kinachotusimamisha ni wingu zito siku umeme umekatika, na hapo tunahamia barazani.

Kazi kubwa iko kwenye Kiswahili cha kuandika. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika: "Mama jana samaki pika." Usikimbilie kumkosoa kwa wino mwekundu. Habari yote imo, nani, lini na nini. Viambishi ndivyo vilivyokosekana, kwa sababu hajawahi kuvisikia, na katika lugha ya alama mtu na wakati huoneshwa kwa njia nyengine. Nikamuandikia "alipika" kwa chaki za rangi tatu: "a" nyekundu, "li" kijani, "pika" nyeupe. Kisha nikawa nabadilisha ile nyekundu tu, nilipika, tulipika, walipika, na kila mara namuonesha anayehusika. Mara akaichukua chaki mkononi mwangu, akaandika "ulipika" huku ananinyooshea kidole. Kitenzi kimoja kwa siku kinatosha, ili mradi kila mtoto akiguse.

Sasa wazee. Watoto wengi viziwi wamezaliwa na wazee wanaosikia, na bado wapo wanaokuja skuli kutaka mtoto alazimishwe kusema kwa mdomo, asitumie mikono. Hayo yaliamuliwa na walimu wa viziwi waliokutana Milan, Italia, mwaka 1880, na viziwi wakaumia kwa vizazi, mpaka mkutano kama huo wa Vancouver, Kanada, wa mwaka 2010 ulipoyakataa maazimio yale. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania imeuridhia, nao unataka watoto wawezeshwe kujifunza lugha ya alama.

Linaloniuma zaidi ni nyumbani. Mtoto analishwa, anavishwa, anapendwa, lakini hazungumzishwi. Wakati wa futari watu wanacheka, akiuliza kuna nini anaambiwa "baadae". Mama, njoo ukae darasani kwetu hata asubuhi moja kwa wiki. Anza na alama za mambo ya kila siku: maji, chai, inauma, nani, wapi, kwa nini. Kama unavaa nikabu, ukiwa ndani na mwanao ifunue ndipo mzungumze. Na muulize jina lake la alama, lile alilopewa na wenzake. Ndugu zake wote walijue, na babu na bibi pia, kisha yeye mwenyewe awape kila mmoja lake.