Shangazi Anajibu: Pesa ya halmashauri na wanaolala barazani

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama lishe stendi ya Kange, Tanga. Kila Ijumaa mimi na wenzangu tunapika uji kwa wanaolala stendi na kwenye baraza za maduka Ngamiani. Kuna wazee, kijana mwenye ulemavu wa mguu, na watoto tusiojua kwao. Unga na sukari tunachangishana, na sasa tumechoka. Tumesikia halmashauri inatoa asilimia 10 kwa vikundi. Tuombe?

JIBU: Marahaba mwanangu, Mungu awazidishie. Lakini hiyo pesa msiichukue kwa ajili ya uji. Ni mkopo. Inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Riba haina, ila marejesho yapo, na uji ukishanywewa hauleti marejesho. Nilipokuwa kazini maendeleo ya jamii niliwaona akina mama waliokopa kwa nia njema kama yenu, mwisho wakawa wanapita njia ya nyuma wasionane na mtendaji. Iliniuma sana. Mkikopa, kopeni kwa biashara yenu ya chakula.

Kinachonikera ni hiki: misaada yetu karibu yote inamtafuta mtu kwa mlango wake. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, inahesabu kaya, na kaya maskini zinatajwa kwenye mkutano wa mtaa. Mkopo nao unataka mwenyekiti aseme huyu ni mkazi wangu. Mzee anayelala kwenye baraza la duka atatajwa na nani? Mtajeni ninyi. Chukueni daftari la shule, andikeni jina, umri, alikotoka, anapolala, anaumwa nini. Nakala mpelekeeni afisa ustawi wa jamii, na ile ya kwenu agonge muhuri wa kupokea. Bila muhuri, kesho mtaambiwa hamkuleta kitu.

Kwa watoto msiende kinyonge. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeibebesha halmashauri jukumu la kulinda ustawi wa mtoto aliye kwenye eneo lake, awe ametoka Lushoto au Mombasa. Na anayejua haki ya mtoto inavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa. Ila msiwakusanye kulala nyumbani kwenu, hata huruma ikiwazidi. Makao ya watoto yana leseni yake.

Unga na magodoro yanahitaji fungu kwenye bajeti, na hilo ndilo la kudai. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mipango ya mitaa na kata hukusanywa miezi mingi kabla. Ukienda Juni umechelewa. Nendeni mkutano wa mtaa na daftari lenu, diwani akiwepo, mumwulize mbele ya watu: wanaolala Kange wametengewa nini? Na mhakikishe mtendaji ameliandika swali hilo kwenye muhtasari.