Kama una mgonjwa au mzee nyumbani, fanya taa yako ya nje iweze kuwakawaka

Usiku ambao baba alipata kiharusi simu ilipigwa haraka sana, hapo hatukuchelewa hata kidogo. Ilikuwa saa nane usiku, mama ndo aliyeniamsha. Aliyepokea simu akauliza nyumba ikoje nikamwelekeza vizuri kabisa, nikamalizia na "mtaona taa inawaka nje". Sasa jamani saa nane usiku ni nyumba gani haijawasha taa ya nje? Gari la wagonjwa lilipita mbele ya nyumba yetu mara mbili, nililiona kwa macho yangu kupitia dirishani huku nimemlaza baba kiubavu na nimemshikilia kichwa asije akapaliwa na mate, kumwachia siwezi na hata nikipiga kelele hawanisikii. Mwisho mama akatoka mbio na tochi ya simu akawa anaipunga katikati ya njia, ndo wakasimama.

Baadaye daktari alitueleza kwamba kwenye kiharusi cha mshipa kuziba ubongo unapoteza seli kama milioni 1.9 kwa kila dakika inayopita bila matibabu, na ile dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida inatakiwa itolewe ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Baba tunaye, namshukuru Mungu, ila mkono wa kulia haujarudi sawasawa na kila nikimuona anahangaika na vifungo vya shati nalikumbuka lile gari likipita.

Ndo nikaanza kutafuta. Kumbe watu walishaliwaza hili zamani, kuna swichi za ukutani ambazo ukiwasha kawaida taa inawaka kawaida, ila ukiwasha ukazima ukawasha tena harakaharaka taa inaanza kuwakawaka yenyewe mpaka uizime. Mi sikununua, nilimpa fundi umeme akanitengenezea kiboksi chenye rilei (swichi inayowashwa na kuzimwa na umeme wenyewe) na kichipu cha 555, kile ambacho kipo sokoni tangu 1972 na fundi yeyote wa elektroniki anakijua, kazi yake ni kuhesabu tu, washa, zima, washa, zima. Kitu kidogo kinakaa kiganjani. Lakini kinabadilisha kila kitu kwa sababu kwenye mstari wa taa 20 zilizotulia jicho la dereva linaenda moja kwa moja kwenye ile moja inayocheza.

Hapo sasa niwaambie tulipokosea ili nyie msirudie.

Kwanza balbu. Tulikuwa na zile za mirija iliyojikunja, hazifai kabisa, zinachelewa kuwaka na kuwasha-zima kunaziua mapema, yetu haikufika hata mwezi kwenye majaribio. Tukahamia LED, nayo ya kwanza ilikuwa inabaki na mwanga kidogo hata ikikatwa umeme kwa hiyo kwa mbali huoni kama inazima, ya pili ikawa sawa. Jaribu balbu yako kabla hujaifunga, simama barabarani kabisa uitazame kutoka pale gari litakapotokea, usiitazamie mlangoni kwako.

Pili kasi. Mi nilitaka iwake haraka sana nikidhani ndo itaonekana zaidi, fundi akanikataza na alikuwa sahihi. Mwanga unaopiga zaidi ya mara 3 kwa sekunde unaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa cha kuchochewa na mwanga, na mwekundu ndo mbaya zaidi, kwa hiyo yetu ni nyeupe na inapiga mara moja kwa sekunde. Inatosha kabisa.

Tatu, na hili ndo lililoniuma, swichi tuliiweka sebuleni kwa urefu wa kawaida. Siku moja mama akaniuliza taratibu tu, "mwanangu, nikianguka chooni nikiwa peke yangu hiyo swichi naifikiaje?" Sikuwa na jibu. Mtu aliyeanguka yuko sakafuni! Basi tukaongeza kamba ya kuvuta chooni inayoshuka mpaka karibu na sakafu na kitufe kingine ubavuni mwa kitanda cha baba, upande wa kushoto ambao mkono unafanya kazi. Kama unajenga au unakarabati, anza na swali hilo la mama kabla hujachagua kifaa.

Umeme ukikatika je? Weka betri ya akiba. Na ukitumia balbu za kisasa zinazoendeshwa na simu hakikisha zinaweza kuwakawaka hata intaneti ikiwa imekatika, maana nyingine bila intaneti hazisikii amri.

Kwa nyumba yenye kiziwi mambo yanakuwa ndani zaidi, king'ora cha moshi kinaunganishwa na taa kali ya kumwekamweka chumbani. Kiwango cha Marekani kinachoitwa NFPA 72 kinataka taa ya chumba cha kulala iwe na kandela (kipimo cha ukali wa mwanga) 177 ikiwa iko karibu sana na dari, na 110 ikiwa imeshuka inchi 24 au zaidi, kwa sababu moshi unajikusanya juu kwanza na unaufunika mwanga. Ila aliyelala fofofo anaweza asiamke kwa mwanga peke yake, ongeza kile kifaa cha kutetemeka kinachowekwa chini ya mto.

Na tafadhali sana, ukisikia harufu ya gesi USIGUSE hiyo swichi wala swichi yoyote, cheche ndogo ya ndani ya swichi au rilei inaweza kulipua nyumba. Toka nje na watu wako, simu utapigia huko huko mbali.

Taa haichukui nafasi ya simu, simu kwanza halafu taa, na ukipiga sema wazi "nyumba ambayo taa ya nje inawakawaka" ili wajue wanatafuta nini. Majirani nao waambie mapema maana yake. Sisi tulipita mlango kwa mlango, jirani mmoja akasema siku akiiona anakuja mbio na funguo za gari lake, mi machozi yakanilenga pale pale.

Kila mwisho wa mwezi tunaijaribu. Baba ndo anayebonyeza, kwa mkono wa kushoto, mi nakuwa barabarani nahesabu, halafu nampungia kwamba inaonekana.