Kisanduku cha "Kraj" na mikoa ya Waslavi

Wadogo zangu mnaojiandaa kwenda kusoma Ulaya Mashariki mnaniuliza sana habari za ada na baridi. Mimi nawaonya kuhusu kisanduku kimoja kwenye fomu: Kraj.

Polandi, nilikosoma mimi, hapo unaandika nchi. Ukivuka mpaka kuingia Ucheki, kraj ni mkoa, nao wanayo 14 ukiihesabu Praha. Slovenia ni mji au kijiji. Warusi nao wana krai, na huo ni mkoa kweli, ila msiulinganishe na wa Ucheki: Krasnoyarsk peke yake una zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3, Tanzania inaingia mara mbili na nafasi inabaki. Kwa hiyo tazama kwanza fomu ni ya nchi gani.

Polandi mkoa unaitwa województwo. Iko 16 tangu 1999. Kabla ya hapo ilikuwa 49. Chini yake kuna powiat, yaani wilaya, kisha gmina, ngazi ya chini kabisa. Kibali cha kuishi, karta pobytu, kinatoka kwa wojewoda, mkuu wa mkoa ambaye huteuliwa na serikali kuu. Sasa mkoa huohuo una mkubwa mwingine, marszałek, anayechaguliwa na baraza la mkoa, na ana ofisi yake. Nimeona watu wakipanga foleni asubuhi nzima na mafaili yao, kufika dirishani wanaambiwa siyo hapa. Someni kibao cha mlangoni: mnatafuta Urząd Wojewódzki, ofisi ya wojewoda, siyo Marszałkowski, ya marszałek. Kujawsko-Pomorskie ndiko kuna mtihani zaidi, maana wojewoda anakaa Bydgoszcz na marszałek anakaa Toruń.

Wa Urusi, mkitafuta chumba, oblast ni mkoa, siyo mji. Leningradskaya oblast ilibaki na jina lake mji wa Leningrad uliporudi kuitwa Saint Petersburg mwaka 1991, na kiutawala mji haumo ndani yake. Moscow ni vivyo hivyo. Chumba cha bei poa "Moskovskaya oblast" kinaweza kuwa mwendo mrefu wa treni hadi darasani.

Ukraine walipunguza raion, yaani wilaya, kutoka 490 hadi 136 mwaka 2020. Cheti cha zamani kikitaja raion ambayo leo haipo, nakili kama kilivyo. Ukijitia kuisahihisha, karani atakuuliza mbona fomu na cheti haviendani.