Kinyozi, spika na flashi ya mia

SWALI: Mzee, salamu. Nina kinyozi hapa Kondele, Kisumu, viti vitatu. Spika yangu hupiga benga na rumba kutoka kwa flashi niliyojaziwa na kijana wa saiba kwa shilingi 100. Juzi waliingia watu wawili wakidai leseni ya muziki. Nikawaonyesha leseni ya kaunti, wakacheka. Mmoja akaninong'oneza nimpe elfu mbili yaishe. Wananionea? Nyimbo zenyewe nyingi ni za marehemu, kama D.O. Misiani wa benga.

JIBU: Kaunti imekuruhusu kunyoa, kijana wangu. Muziki una wenyewe. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, wimbo unaowapigia wateja umepigwa hadharani, hata akiwa mteja mmoja tu mwenye povu kidevuni. Ukizima flashi ukafungua redio, bado ni hadharani. Na marehemu? Misiani alifariki 2006. Haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo ni hadi mwisho wa 2056. Utakuwa umeshaweka wembe chini.

Hao wawili waombe vitambulisho, kisha uulize KECOBO, yaani bodi ya hakimiliki, kama chama chao cha wenye muziki kina kibali cha kukusanya ada. Kikiwa nacho, ada hutegemea aina na ukubwa wa biashara, na hulipwa kwa chama, upewe cheti. Pesa hizo ni za mtunzi, za waimbaji na wapigaji, na za aliyegharimia kurekodi. Elfu mbili ya kunong'onezwa ni chai.

Flashi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Leseni ya kupiga haihalalishi nakala ya wizi; kunakili ni kosa jingine kando, kwako na kwa yule kijana. Ifute, ununue nyimbo zako.

Nasema hivi nikijua ninachosema. Zamani niliuza kaseti karibu na stendi ya Kisumu, nyingi nikizinakili usiku kwa redio ya deki mbili. Siku moja mwanamuziki wa benga alisimama kibandani, akachagua kaseti yenye sauti yake mwenyewe, akalipa bila kupunguziwa. Utepe ulikuwa umelegea. Akaniomba penseli, akaukaza taratibu mbele yangu, akarudisha penseli, akaenda zake.