Kusoma maamuzi ya viongozi wakati wa migogoro: ushauri kwa mnaoanza

Wengi wanaoingia kwenye fani ya uhusiano wa kimataifa huanza kusoma mgogoro kutoka mwisho. Wanajua vita vilitokea au havikutokea, kisha wanarudi nyuma kumsifu kiongozi au kumlaumu. Acheni hiyo mapema. Uamuzi wa kizembe unaweza kuishia vizuri kwa bahati tu, na uamuzi wa busara ukaishia pabaya. Kinachotakiwa ni kujua kiongozi alikuwa na nini mezani saa ile alipoamua.

Njia ninayowapa wanafunzi ni rahisi, ingawa inachosha. Chora jedwali la safu mbili. Upande mmoja andika yaliyotokea, saa kwa saa. Upande wa pili andika yale ambayo kiongozi alikuwa ameshayajua kufikia saa hiyo. Safu hizo zinapopishana, simama hapo.

Chukua Jumamosi ya 27 Oktoba 1962, siku mbaya kuliko zote katika mgogoro wa makombora ya nyuklia ambayo Umoja wa Kisovieti ulikuwa umeyapeleka Kuba. Usiku uliotangulia Kennedy, rais wa Marekani, alikuwa amepokea barua ndefu ya Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti: makombora yangeondolewa iwapo Marekani ingeahidi kutoivamia Kuba. Asubuhi redio ya Moscow ikatangaza barua nyingine yenye sharti jipya, kwamba Marekani nayo iondoe makombora yake ya Jupiter yaliyokuwa Uturuki. Baadaye ikaja habari kwamba ndege ya upelelezi aina ya U-2 imetunguliwa juu ya Kuba na rubani wake, Meja Rudolf Anderson, ameuawa. Washauri walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba ndege ikitunguliwa, Marekani itapiga kituo kilichoitungua. Kennedy akasema tusubiri.

Sasa angalia safu ya pili. Washington haikujua kwamba amri ya kuitungua ndege ile ilitolewa na makamanda wa Kisovieti waliokuwa Kuba, bila ruhusa ya Moscow. Haikujua kwamba kisiwani kulikuwa na wanajeshi wa Kisovieti zaidi ya 40,000, wakati makadirio yake yalikuwa kama 10,000. Haikujua kwamba huko kulikuwa pia na silaha ndogo za nyuklia za kuzuia uvamizi. Wala haikujua kwamba nyambizi ya Kisovieti, B-59, ambayo siku hiyohiyo meli za Marekani zilikuwa zinailazimisha kuibuka, ilibeba torpedo ya nyuklia. Waliokuwa wanasukuma mashambulizi ya anga walikuwa wanasukuma kitu ambacho hawakukijua ukubwa wake. Hata anayempenda Kennedy asimpe sifa ya kuyajua haya. Alichokuwa nacho ni wasiwasi tu, na nadhani wasiwasi ule ulifaa kuliko taarifa nyingi alizoletewa.

Mnaona pia kwa nini ni hatari kumchukulia adui kama mtu mmoja mwenye akili moja. Barua mbili zinazopingana na ndege iliyotunguliwa, ukizisoma kama mpango mmoja, zinakuambia Khrushchev anataka vita. Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa anahangaika kuyadhibiti mambo. Mnapoandika “Moscow iliamua” au “Washington ilitaka”, jiulizeni: nani hasa, na kwa amri ya nani?

Kuna suala la muda, ambalo vitabu vingi hulipitia juujuu. Kennedy aliambiwa habari za picha za makombora asubuhi ya 16 Oktoba, na siku ya kwanza mwelekeo wake ulikuwa kupiga kwa ndege. Alitangaza vizuizi vya baharini tarehe 22. Katikati hapo palikuwa na siku sita za siri, na siri hiyo ilibidi ilindwe kwa maigizo: aliendelea na safari za kampeni, na tarehe 18 alikutana na Gromyko, waziri wa mambo ya nje wa Kisovieti, ofisini kwake, akamsikiliza akisema silaha zilizopelekwa Kuba ni za kujihami tu. Hakumwonyesha picha. Kama habari zingevuja tarehe 17, sidhani kama tungekuwa tunasifia hekima ya mtu yeyote. Basi katika kila mgogoro mnaousoma, ulizeni saa ilikuwa mikononi mwa nani. Mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa inaanza, ilikuwa mikononi mwa ratiba za treni za kusafirisha wanajeshi: tarehe 1 Agosti Kaiser Wilhelm, mfalme wa Ujerumani, alitaka jeshi ligeuzwe lielekee mashariki pekee, na mnadhimu mkuu wake, Moltke, akamjibu kwamba haiwezekani.

Mifano ya kihistoria kwenye vikao nayo ichunguzeni. Kiongozi aliyebanwa hutafuta tukio la zamani linalofanana na lake, na mara nyingi hulishika la kwanza analolikumbuka. Nasser, rais wa Misri, alipotaifisha mfereji wa Suez tarehe 26 Julai 1956, Anthony Eden, waziri mkuu wa Uingereza, alimwona kama dikteta wa miaka ya 1930 aliyerudi kwa sura nyingine. Ukishaamini hivyo, mazungumzo yanaonekana woga. Uvamizi wa Misri ukafanyika, Marekani ikaibana sarafu ya Uingereza, na Januari 1957 Eden akajiuzulu.

Na maneno ya hadharani? Yanafunga milango. Nyerere alipowaambia Watanzania, Novemba 1978, kwamba uwezo wa kumpiga Amin wanao, sababu wanayo na nia wanayo, hakujiachia njia ya kurudi nyuma. Naamini alikusudia hivyo. Wapo viongozi waliojifunga vilevile bila kukusudia.

Kuhusu vyanzo, kumbukumbu za wastaafu msizimeze nzima. Makubaliano ya siri kati ya Kennedy na Khrushchev ya kuondoa makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki yalikanushwa kwa miaka mingi na watu waliokuwemo chumbani. Anzeni na kanda za sauti za vikao vya Kennedy, ambazo wengi wa waliorekodiwa hawakujua kama zipo. Sikilizeni kwanza kikao cha 16 Oktoba, na kabla hamjafungua cha tarehe 18 andikeni ninyi mngeshauri nini.