Jibu: mashine ya kukaushia nguo inanguruma, pipa halizunguki

Yaya, unasema ile mashine ya zamani ya kukaushia nguo uliyoachiwa na mama mkubwa inanguruma tu, pipa halizunguki, na fundi wa mtaa wa Katuba amekuambia uitupe. Usiitupe! Mota inayonguruma bado ina uhai.

Ichomoe kwenye prizi, kisha zungusha pipa kwa mkono. Likienda laini mno, bila kushikwa na kitu, mkanda unaolizungusha umekatika. Likiwa gumu, tazama vigurudumu vinavyolibeba: nyuzi za nguo hujisokota kwenye ekseli mpaka zinakuwa ngumu kama ngozi kavu. Mkanda na vigurudumu vikiwa sawa, shuku kapasita, yaani kifaa kidogo kinachotunza umeme na kuisaidia mota kuanza kuzunguka. Hiyo hubaki na umeme hata mashine ikichomolewa, kwa hiyo toa umeme huo kwanza kwa rezista (kifaa kinachopunguza nguvu ya umeme), si kwa bisibisi. Nunua kapasita yenye mikrofaradi (kipimo cha umeme inaoweza kutunza) zilezile, na volti zilezile au zaidi.

Ukishaifungua mashine, toa vumbi lote la nguo, hasa karibu na hita, maana huwaka haraka sana. Kikata joto, kile kinachokata umeme mashine ikipata moto kupita kiasi, kikiharibika, weka kipya. Usikiruke kwa waya hata fundi akikusihi. Fanya polepole, mvua za Novemba hazijatufikia hapa Lubumbashi, nguo bado zinakauka juani.