Spana Ibaki Spana: Kwa Mnaoanza Kuunda Sanamu za Vyuma Chakavu

Wengi wanaoniuliza habari za kazi hii huanza na mashine. Ninunue ya ampea ngapi? Vijiti vya kuchomelea vya unene gani? Hayo yana majibu mepesi: mashine ndogo ya kawaida na vijiti vya milimita 2.5 vitakufikisha mbali. Jambo gumu, na ndilo ninalotaka mlishike mapema, ni kwamba mtazamaji anatakiwa aone vitu viwili kwa wakati mmoja. Amwone ndege, na aone pia kuwa mkia wa ndege ni reki iliyochakaa. Akimwona ndege peke yake, ungeweza kumkata kwenye bati jipya na kujipunguzia jasho. Akiona reki peke yake, kazi bado hujaianza.

Mwaka 1942 msanii Picasso alichukua tandiko la baiskeli na usukani wake, akaviunganisha, kikatokea kichwa cha fahali. Vitu viwili basi. Hakuna anayekitazama asione pembe, na hakuna asiyeutambua usukani. Kipo pia kiti cha enzi alichokiunda msanii wa Msumbiji Cristóvão Canhavato, anayejulikana kama Kester, mwaka 2001, kutokana na bunduki zilizokusanywa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1992. Kwenye egemeo lake vitako vya bunduki vimesimama, na matundu ya skrubu pamoja na upenyo wa mkanda yanaonekana kama macho na mdomo. Unaona uso, unakumbuka bunduki, na hivyo viwili havikuachi. Laiti angezipaka rangi ya dhahabu zile bunduki, kiti kingekuwa kiti tu.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye kuchagua. Usizoe kila kitu kwa kuwa ni cha bure au cha bei ya chini. Karakana iliyojaa takataka inachosha macho, na macho yaliyochoka hayaoni umbo. Kishike kitu, kigeuze juu chini, kitazame kwa ubavu, kitazame kivuli chake. Utaona koleo lililofunguliwa lina mdomo wa ndege, na gia ndogo ina ukosi wa shati. Mimi hupanga vyuma vyangu kwa umbo, wala si kwa matumizi yake ya zamani: vilivyojipinda huku, vya mviringo kule, vyenye meno pembeni, virefu vyembamba ukutani. Na ukikuta vitu viwili vinavyofanana, vichukue vyote viwili. Macho, mabega na magoti huja kwa jozi, na hakuna kinachoudhi kama kutafuta mwenzake wa beringi iliyokwisha kulika kwa namna yake.

Uchakavu wenyewe ni mali. Mpini wa spana uliong'arishwa na viganja vya mtu kwa miaka mingi una mng'ao ambao diski ya msasa haiwezi kuuiga. Ukiusugua umeupoteza. Nawasihi hapa kwa dhati: kabla ya kuwasha grenda, yaani mashine ya kusagia chuma, juu ya kitu, jiulize unaondoa nini.

Muulize pia anayekuuzia amekitoa wapi, na uchukue risiti. Mifuniko ya mitaro, nyaya za shaba, vipande vya reli na alama za barabarani viache, hata vikiwa na umbo la kuvutia kiasi gani.

Sasa usalama, na hapa nitakaa kidogo, maana kitu cha kuokota hakina maelezo yaliyoandikwa juu yake. Kilichofungwa pande zote usikitie moto. Shokabu ina mafuta na mara nyingi gesi yenye shinikizo, na ikipata joto inaweza kupasuka kama bomu. Tangi la mafuta, hata lililokaa tupu miaka, hubaki na mvuke, na ni huo mvuke unaolipuka. Tafuta umbo lingine. Kitu chenye mng'ao wa kijivu wa zinki, kama bomba la maji au bati, hutoa moshi mweupe ukikichomelea, kwa sababu zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, chini sana ya joto la kuyeyusha chuma. Ukiuvuta moshi huo, saa chache baadaye utatetemeka kwa baridi na homa huku mdomo ukiwa na ladha ya chuma. Mafundi wengi huamini maziwa yanazuia. Hayazuii. Kinachosaidia ni kuiondoa zinki kwanza mahali pa kuungia, kufanya kazi penye hewa ipitayo, na kuvaa barakoa ya kuchuja moshi wa metali. Rangi za zamani huenda zikawa na madini ya risasi (ledi), kwa hiyo usizichome wala kuzikwangua bila barakoa. Na usisafishe chuma kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini kisha ukawasha mashine: mvuke wake ukikutana na cheche za umeme huweza kugeuka fosjini, gesi inayoua.

Kofia ya kuchomelea iwe na kioo cheusi namba 10 au 11. Mwanga ukikupiga macho hutahisi kitu pale pale. Usiku ndipo utakapohisi mchanga umejaa machoni. Mwenzako anayetazama kazi naye anahitaji kioo.

Kuvitambua vyuma kutakuokoa na viungo vinavyoachia. Sumaku ndiyo ya kwanza: isiponasa, huenda ni alumini, shaba au aina fulani za chuma kisichoshika kutu. Ikinasa, gusa ukingo kwa grenda kidogo tu na utazame cheche. Chuma laini cha kawaida hutoa cheche ndefu za manjano zenye matawi machache. Chuma kigumu cha springi au tupa hutoa cheche zinazopasukapasuka kama nyota nyingi ndogo. Chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, kama cha bloku la injini au mguu wa cherehani ya zamani, hutoa cheche fupi, nyekundu, zilizofifia. Hicho cha mwisho ukikichomelea kikiwa baridi kitapasuka kando ya kiungo, pengine kwa sauti utakayoisikia ukiwa umeshatoka nje. Kipashe moto kwanza, tumia kijiti chenye nikeli, unga kwa mistari mifupi, halafu kifukie kwenye mchanga mkavu au majivu kipoe polepole.

Si lazima kila kiungo kiwe cha moto. Alumini haishikani na chuma kwa mashine zetu, lakini bolti inaishika vizuri; weka wosha ya plastiki katikati, kwa kuwa metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu moja huila nyingine. El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi kwa miaka mingi Nigeria, huunganisha vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa pazia kubwa linaloning'inia ukutani. Pazia hilo hukunjwa likasafirishwa, na kila linapotundikwa huweza kupewa mikunjo mipya. Mtu anayefikiri kwa kuchomelea tu asingefika pale.

Unapounga kwa moto, shikiza kwanza kwa nukta ndogo, kisha uache. Ondoka. Rudi siku nyingine, uitazame sanamu ukitokea mlangoni. Nukta huvunjwa kwa nyundo moja. Mstari mzima utakugharimu diski na hasira. Halafu usiijaze kila nafasi. Wanaoanza huogopa uwazi, wakatia nati kila tundu mpaka farasi anafanana na ukuta. Mbavu nne za cheni ya baiskeli zenye hewa katikati zinatosha kuonyesha kifua kinachopumua, na ile cheni inaendelea kuwa cheni.

Uzito huwaponza wengi siku ya maonyesho. Inamishe sanamu kidogo kila upande: ikirudi yenyewe iko salama, ikisita tu ongeza uzito chini au panua kitako. Kama inasimama kwa mguu mmoja, ichimbie bolti kwenye bamba zito. Pima mlango wa ukumbi kabla hujaunga shingo. Sanamu kubwa iundwe kwa vipande vinavyofungwa kwa bolti, na iwe na pete za kunyanyulia mahali pasipoonekana, la sivyo wabebaji watamshika twiga wako masikio.

Kwa kumalizia uso wa sanamu, nta safi huhifadhi rangi ya kutu bila kuipa mng'ao wa plastiki, ingawa ya nje itahitaji kurudiwa. Wengine hupaka mafuta ya kitani. Ni mazuri, lakini matambara yake usiyarundike, yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandaze yakauke. Sanamu ya nje itobolewe tundu chini ya kila kikombe kinachoweza kushika maji.

Ukumbini, watu hugusa. Hata ukiandika bango watagusa, na mimi siwalaumu, kwa kuwa mkono unataka kuhakikisha kama ile ni spana kweli. Basi pitisha kiganja chako mwenyewe kila mahali, na upige tupa kila ncha iliyo kwenye kimo cha mtoto. Bandika mpira chini ya kitako, kutu isichore sakafu. Kazi ndogo iweke kwenye kisanduku chenye kimo cha sentimita 90 hadi 110, ili macho yakutane na viungo na siyo mgongo tu. Taa itoke upande mmoja, juu kidogo. Taa ya mbele huvifanya vyuma vyote kuwa kijivu kimoja, lakini ya ubavuni huonyesha meno ya gia, na kivuli ukutani humtoa mnyama mzima.

Kwenye kibandiko, jina la kazi liwe fupi, na lisimalize fumbo. Orodha ya vitu ndiyo iwe ndefu. Usiandike "vyuma mchanganyiko". Andika: spana, sahani ya klachi, mkasi wa fundi cherehani, springi za kitanda. Nimesimama mara nyingi nyuma ya watu wakisoma orodha ya namna hiyo. Husoma neno, huinua macho kutafuta, hulipata, huita mwenzao. Mtu aliyepita kwa sekunde mbili hurudi akakaa. Atakayenunua mpe nakala ya orodha hiyo, pamoja na maelezo ya nta uliyotumia na lini airudie.